Vichwa Vilivyorudi

Jumanne, 3 Julai 1951

Wembe umeisha makali tena. Nimeunoa mara mbili na adhuhuri haijafika. Funga imenikausha koo, na bado nimeongea tangu asubuhi. Kunyoa bila mazungumzo ni kukwangua tu.

Mpango wangu mpya umeishika Kisarawe yote. Shilingi moja kwa mwezi, baba na wanawe wote, waje siku yoyote watakayo. Mzee Pazi kaja leo na watoto tisa. Watatu nawashuku ni wa jirani. Nimewanyoa wote. Idd imekaribia, sitaki maneno.

Waliolipa mwezi huu: thelathini na nane. Nimezidisha kwa miezi kumi na miwili. Nikazidisha tena, labda nimekosea. Sikukosea. Mtu mwenye fedha hiyo anaoa. Namwoa Mwanahawa.

Jumapili, 8 Julai

Mjomba Athumani alikwenda jana kuniposea kwa Mzee Kondo, baba yake Mwanahawa. Kavaa kanzu yangu ya Idd. Kairudisha na doa la chai.

Jibu si ndiyo, si hapana. Mzee Kondo anauza mikate nyumba hadi nyumba, watu wanamlipa kwa mwezi, tangu mimi sijazaliwa. Thelathini na nane wangu hawakumshtua hata kidogo. Kasema aliyelipa mara moja ni mgeni. Mteja ni yule anayelipa tena bila kuitwa. Shilingi ya mgeni inafurahisha, lakini haiozeshi binti. Anataka shilingi ambayo mtu analala akijua itarudi.

Nimpelekee hesabu tarehe moja Oktoba: waliolipa mwezi huu, wangapi wamelipa tena mwezi unaofuata. Wakiwa wachache, kuna fundi baiskeli wa Mlandizi ameshaleta posa.

Fundi baiskeli! Baiskeli ina siku inakuwa nzima. Nywele hazilali. Sina wasiwasi.

Jumatano, 1 Agosti

Kumi na mmoja.

Nilifungua alfajiri. Nikapanga kigoda, kioo, sabuni, taulo safi. Nikasubiri. Hadi magharibi wamelipa kumi na mmoja. Nimeudhika sana. Nilijikata kidole nikinoa wembe ambao haukuwa na kazi.

Ijumaa, 3 Agosti

Nimezunguka siku mbili na kupata wapya watano. Kumi na sita! Nikamtuma Mjomba haraka. Mzee Kondo kasema hongera kwa hao watano, lakini hao hakuwaulizia. Kawaulizia wale wa Julai.

Basi nimekaa chini kuhesabu. Thelathini na nane kubaki kumi na mmoja, hata thuluthi haijafika. Kwa mwendo huu Septemba watabaki watatu, Oktoba mmoja, na huyo mmoja atakuwa mimi, najinyoa bure. Nikiingiza watano kila mwezi na nikapoteza zaidi ya watano, nitakimbia mpaka viatu viishe na niko palepale. Kumbe ile hesabu yangu ya mwaka ilikuwa ndoto ya mchana.

Waliotoka nimewapanga. Wengi walifuata Idd. Hapo kosa ni langu, niliwanyolea ukoo mzima kwa shilingi. Mmoja kahamia shambani Chole. Mmoja amefariki, Mungu amrehemu, simlaumu. Lakini wengine nakutana nao sokoni na vichwa vyao vinang'aa.

Nani anavinyoa?

Jumamosi, 11 Agosti

Nimevifuata vichwa. Vimenipeleka hadi njia ya Msimbu.

Ni Sefu. Sefu kiziwi! Hana kioo. Wembe wake naujua, nilimuuzia mimi baada ya kuuchoka. Anatoza shilingi ileile, na watoto analipisha mbali. Na kuna foleni. Nikavuta kofia hadi machoni, nikasimama kwenye foleni kama mwizi. Mbele yangu, Mzee Pazi. Kanitambua kwa mdomo. Nilikuwa nimeshaanza kumsimulia jirani yangu habari.

Nikamwamkia, nikamuuliza nimemkosea nini. Kajibu taratibu.

"Hujanikosea, mwanangu. Mkono wako mwepesi. Lakini nikikaa kwako nasikia Salumu muuza samaki kafukuzwa na mkewe, analala jikoni. Nasikia karani wa boma meno yake si yake. Nacheka. Halafu nikifika nyumbani najiuliza, Salumu akikaa pale, anasikia habari za nani?"

Mimi! Nimerudi kwa miguu bila kumsalimu mtu. Nimeona haya, na nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Salumu alisikia habari za Mzee Pazi na watoto wa jirani. Nakumbuka vizuri. Alicheka sana.

Jumatano, 15 Agosti

Siku ya nne ya kunyamaza. Nateseka.

Leo Salumu mwenyewe kaniambia kwa kinywa chake kwamba amesamehewa na kesho yake kafukuzwa tena. Akaingia karani baada yake. Habari imenijaa mdomoni, ya moto, na karani ananitazama anangoja. Nikauma taulo. Kauliza kama jino linaniuma. Nikasema ndiyo. Kanionea huruma, akaanza kunisimulia ya kwake.

Yote naandika humu. Nisipoandika nitapasuka.

Jumamosi, 1 Septemba

Kati ya kumi na sita wa Agosti, kumi na watano wamelipa tena. Nimehesabu hadi sarafu zimepata joto. Sita wa Julai nao wamerudi kutoka kwa Sefu. Mzee Pazi yumo, na watoto sita.

Aliyetoka ni mmoja. Kasema siku hizi kwangu kumepooza, hakuna habari. Nimemsindikiza kwa heshima zote.

Jumatatu, 1 Oktoba

Wa Septemba wamelipa wote. Nilitaka kumtuma Mjomba, lakini Mzee Kondo kaja mwenyewe. Hajawahi kukaa kwenye kigoda changu.

Shikamoo, marahaba, basi. Nikampaka sabuni. Wembe ulipofika chini ya kidevu, akaanza kusema. Kaniambia jambo la nyumbani kwake. Jambo kubwa. Mwezi Julai ningelifikisha Mlandizi kabla ya sabuni kukauka.

Alikuwa ananitazama kwenye kioo.

Nikamwambia, "Geuza shingo kidogo, mzee."

Kageuza. Nikamaliza. Katoa shilingi ya mwezi huu. Kasimama, kavaa kofia, kisha karudi na kuweka ya pili. Kasema hiyo ni ya Novemba.

Jioni Mjomba kaleta jibu. Niende Ijumaa na wazee wangu. Kauliza Mzee kasema nini kwenye kigoda. Nikamwambia kasema joto limezidi.

Na humu pia siandiki. Nimeosha taulo, nimefunga.