Kizibo cha Mwisho wa Waya

Ipagala, Dodoma
14 Machi 1994

Kaka Hanifu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Dar es Salaam kozini.

Ulimwandikia mkurugenzi wa shirika letu: "Shamimu ni mwanamke wa makamo. Mafunzo ya kuunganisha diski za kompyuta yanataka kichwa chepesi." Kaka, mimi nina miaka arobaini na sita, wewe hamsini na miwili. Chako kimekuwa chepesi lini? Ulifuta jina langu kwenye orodha ya kozi, ukaandika lako, na wahandisi wenzetu sita wakatia sahihi kukuunga mkono. Wewe, mtoto wa baba mkubwa!

Kitabu cha kozi nimekiazima kwa Sila, fundi wa reli. Nakinakili kwa mkono. Sisamehi.

Mdogo wako,
Shamimu

Ofisini, Dodoma
9 Mei 1994

Mdogo wangu Shamimu,

Hujambo? Likizo ya Busi inaendeleaje? Wifi yako ana mafua, anakusalimu.

Tumeharibikiwa. Diski nne ziko kwenye waya mmoja. Tangu Ijumaa mashine mara inaona mbili, mara haioni hata moja. Humo mna kumbukumbu za wafanyakazi wote, na shirika linabinafsishwa. Mkurugenzi anakuja Jumatatu. Asipozikuta, wa kwanza kupunguzwa ni mimi.

Alhamisi nilikuwa nimeifungua, nikasafisha kila kitu. Hata kile kizibo kilichokaa bure mwisho wa waya nilikitupa. Kozini sikusikia habari zake. Labda siku ya mwisho, nilipokwenda Kariakoo kutafuta televisheni.

Njoo, ndugu yangu. Hasira za nini?

Kaka yako,
Hanifu

Busi, Kondoa
12 Mei 1994

Kaka,

Shikamoo. Wifi mpe pole.

Hakikukaa bure. Kizibo hicho humeza mawimbi ya umeme yakifika mwisho wa waya. Kisipokuwepo, mawimbi yanarudi nyuma na kuvuruga taarifa zinazokuja. Ni ukurasa wa mwisho wa kitabu. Sila alikuwa na kizibo kimoja cha akiba, akanipa pamoja na kitabu. Sasa ninacho mimi.

Nasema na wewe, na ninyi sita mliotia sahihi, maana najua mtaisoma pamoja. Jumatatu saa mbili asubuhi mje na madaftari. Nitafundisha mimi, mkurugenzi akiwa ameketi. Wewe kaka utakaa mbele, na kabla sijagusa waya utamwambia kwa kinywa chako ni nani aliyefuta jina langu na kwa nini. Ninyi sita mtasimama mseme mlitia sahihi. Akinyamaza mmoja wenu, napanda basi la kurudi Busi.

Mdogo wako,
Shamimu