Arobaini Bila Mtoto

Jumatano, 5 Februari

Dawa. Chai ya Nzai. Kliniki. Kuchukua dawa zenyewe ni dakika chache, kungojea kuitwa ndiko kunakomaliza siku. Nilienda na shati la sare la mteja nikawa napinda mikono yake nikiwa kwenye benchi. Mwanamke wa pembeni akaniuliza kama nashona hata vitenge. Sikumjibu. Sikwenda pale kutafuta wateja.

Sista Zainabu hakuniachia niondoke. Kila mwaka huniambia nipimwe mlango wa kizazi na kila mwaka humwambia nina nguo za watu. Leo alinishika mkono kabisa. Kitanda, miguu juu, taa. Halafu siki, ile ile ya kachumbari. Inawasha kidogo tu. Kinachochoma ni aibu.

Pakipakwa siki, ngozi iliyoharibika hugeuka nyeupe. Yangu imegeuka. Mabaka mawili. Amesema si saratani, ila yakiachwa huelekea huko, na kwa sisi wenye virusi, ambao kinga yetu ni dhaifu, hayaendi polepole. Angeweza kuyachoma pale pale. Lakini baada ya hapo ni wiki sita bila mume, kidonda kifunge.

Nikavaa nguo zangu. Nimemwambia nitarudi wiki ijayo. Nzai anaondoka Jumamosi na lori kwenda Juba, na akienda Juba hukaa mwezi na nusu. Akienda tu, nachomwa. Akirudi, nimepona. Hana haja ya kujua.

Sista aliuliza kwa nini nisimwambie. Watu ambao hawajaolewa na Nzai wana maswali mepesi. Kitandani Nzai haombi. Hajawahi kuomba.

Jumamosi, 8 Februari

Hajaondoka. Giaboksi. Lori limelala gereji Changamwe na yeye amelala kochini kwangu.

Alhamisi, 13 Februari

Bado yupo. Anakula, anapiga simu, anauliza chumvi iko wapi. Chumvi iko pale pale ilipokuwa tangu tuhamie Mikindani. Nimeketi kwenye cherehani tangu asubuhi nikikanyaga pedali kwa hasira. Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Nikafumua.

Mabaka yanakua au hayakui? Sijui. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba siwezi kuyaona. Jipu ungeligusa.

Mavyaa amepiga simu kutoka Rabai. Amezungumza na mwanawe kwa upole wote wa dunia, kisha akataka kunisalimu. Shikamoo, marahaba, halafu swali lake lile lile: mwanangu anakula vizuri? Maana yake ni kwamba nilimwua na sasa nammalizia kwa njaa. Nilipimwa mimi kwanza, nikiwa na mimba ya Furaha, mwanetu aliye shule ya bweni sasa, na huko kwao aliyepimwa kwanza ndiye aliyeleta. Nzai alipimwa baadaye, akakutwa naye anao, akanyamaza. Mpaka leo amenyamaza. Tunakunywa dawa nyumba moja, kila mtu kivyake, kama wapangaji.

Jumanne, 18 Februari

Sista Zainabu amenipigia. Nilimwambia nina kazi nyingi. Akasema, "Dada, hata hayo mabaka yana kazi nyingi." Nikamkatia simu. Si yeye niliyemkasirikia.

Lori halijatengenezwa. Mwenye lori anasema spea inatoka Nairobi. Hata Nairobi kwenyewe mtu angeenda kwa miguu akarudi.

Nimemwangalia Nzai akilala. Hakunipiga hata siku moja, watu wangeniambia nina bahati. Nimechoka na bahati hiyo.

Ijumaa, 21 Februari

Nimeenda. Nimechomwa.

Sikungoja tena. Niliamka, nikaona viatu vya Nzai vimetupwa njiani pale mlangoni, nikavipita, nikaenda. Ilikuwa joto tu na maumivu kama ya mwezi. Nilitarajia makubwa zaidi baada ya hofu yote ile. Nitatokwa na maji kwa siku kadhaa, sista amesema. Nisibebe vizito. Nisiguswe.

Nimetandika mkeka sakafuni. Nimemwambia Nzai mgongo unauma.

Jumapili, 23 Februari

Mgongo haukumtosha. Jana alishuka kitandani akanifuata mkekani. Nilimsukuma kwa miguu yote miwili. Hakuamini. Wala mimi. Alikaa sakafuni akinitazama, kisha akauliza ni nani. Nani gani? Mwanamume gani, anauliza. Nikacheka, na kucheka kukaharibu zaidi.

Leo hatukwenda kanisani. Amempigia mamake aje asikie mwenyewe mambo ya mke wake. Mtu mzima mwenye ndevu, anaenda kushtaki kwa mama.

Jumanne, 25 Februari

Mavyaa amekuja na mkoba na kuku hai. Nilijua mimi na yule kuku hatima yetu ni moja.

Kikao kilikuwa sebuleni. Nzai alisema ninamnyima na nina mtu nje. Alisema yote hayo akitazama zulia. Mavyaa akanigeukia. "Haya, weye. Sema."

Nilikuwa nimepanga uongo, mzuri tu, wa tumbo. Ukakataa kutoka. Nikasema ukweli, na kwa ukali, kama nawatukana. Nimepimwa, nimekutwa na mabaka, nimechomwa ndani, nina kidonda, sitakiwi kuguswa wiki sita. Nikaongeza kwamba yakiachwa yanakuwa saratani, na ugonjwa ule ule walionitwika peke yangu miaka yote ndio unaoyapa kasi. Nzai akakohoa. Nilingoja matusi ya mavyaa. Nilikuwa nimeyatayarishia majibu.

Akauliza, "Kidonda chenyewe ki pale anapopita mtoto?"

Nikasema ndipo.

Akamwambia mwanawe, "Basi hiyo ni arobaini." Nzai akasema lakini hakuna mtoto aliyezaliwa. Mavyaa akasema hakumuuliza habari za mtoto. Aliyezaa na aliyechomwa wote wana kidonda, na kidonda hakijui kama kuna mtoto. Akainuka, akaingiza mkoba wake chumbani mwetu, akatoa mto wa Nzai akautupa kochini.

Kuku tumemla jioni. Sijui nifurahi au nilie. Nimekuwa mzazi, na mkunga wangu ni yule mwanamke.

Ijumaa, 7 Machi

Afadhali Nzai. Nasema afadhali Nzai.

Mavyaa anakoroma. Ana magoti ya mawe na yote mawili yako mgongoni mwangu. Ananipikia uji wa pilipili manga wa wazazi, na nisipoumaliza anasimama pale pale mpaka niumalize. Ananikandia kiuno kwa maji ya moto kama mtu anayefua jinzi. Amesema ugali wangu ni wa watu wa mjini. Amesema mapazia yangu yanaonyesha ndani. Amemwambia mteja wangu bei yangu ni kubwa, mbele yangu, na mteja akapunguziwa.

Lori limetengenezwa, ila Nzai amepangiwa kubeba makontena ya hapa hapa kutoka bandarini, kwa hiyo kila jioni yuko nyumbani. Kila jioni anatazama mlango wa chumba. Kila jioni mamake anaufunga.

Jumatano, 19 Machi

Leo tulikuwa tunachambua mchicha uani. Nzai alipita akatoka bila kuaga. Mavyaa akamfuata kwa macho mpaka getini. Kisha akasema, huku anaendelea kuchambua, "Babake hakungoja."

Nilidhani anasema habari ya chakula. Akaniambia, si kwa maneno mengi. Nzai alikuwa hajatimiza wiki mbili tangu azaliwe. Mavyaa alimwambia mama yake mzazi, naye akamjibu huyo ni mumeo. Tangu hapo hakushika mimba nyingine.

Nikampa kisu chenye makali, nikachukua kile kibutu.

Muda mfupi baadaye akasema nachambua mchicha kama mbuzi anavyokula. Nikamshukuru kimoyomoyo, maana nilikuwa nimeanza kumwonea huruma na sikutaka.

Jumapili, 30 Machi

Tumegombana. Nilimwambia kama amejua siku zote kwamba mke hana pa kukataa, mbona miaka yote hiyo akanitwika ugonjwa mimi. Akasema ni rahisi kumlaumu mtoto wa mtu. Hakuomba radhi, alisema tu hivyo, akaenda kuanika kanga zake.

Sijamsamehe. Naandika hapa nisije nikasahau.

Ijumaa, 4 Aprili

Sista Zainabu amenitazama. Pamefunga vizuri. Amesema nirudi baada ya mwaka, na kila mwaka baada ya huo, hata nikiona niko sawa. Nikasema nitarudi. Safari hii sikumdanganya.

Arobaini ya mavyaa iliisha juzi. Alinung'unika lakini akakubali kuongeza siku za sista, akisema watu wa hospitali hawajui kuhesabu. Leo amefunga mkoba. Nzai alirudi mapema, akanyoa, akaoga, akajipaka mafuta ya mkebe mpya. Alikaa mbele ya taarifa ya habari akiwa amepunguza sauti. Mimi nilikuwa jikoni naosha sufuria safi.

Mavyaa akaja akasimama karibu yangu. Akauliza kama nimepona. Nikasema nimepona. Kisha akauliza, polepole, "Na wataka?"

Miaka kumi na sita ya ndoa. Mchungaji hakuniuliza. Mamangu hakuniuliza. Hata mimi sikujiuliza.

Nikasema, "La. Bado."

Akarudi chumbani. Nikasikia zipu ya mkoba ikifunguliwa.

Nzai akamuuliza mpaka lini. Akamjibu kwamba swali hilo si lake, akaniulize mimi. Hajaniuliza. Alikuja akasimama mlangoni kidogo, hakuingia, kisha akaenda kutandika kochi.