Nilifundisha Zoezi la Uongo Ili Nimnase Mwizi

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unishike mkono kabla sijamtuhumu mtu mwingine, maana nimefika mahali ambapo simu ya mtu ikiita chumba cha pili naacha ninachofanya ili nisikilize anazungumza na nani, na mume wangu amesema wazi kwamba nyumba yetu sasa imegeuka kituo cha polisi.

Mimi ni mwalimu wa Pilates, na naomba wasomaji wako wasiyachanganye mazoezi haya na yale ya kurukaruka kwa muziki, kwa sababu haya ni ya taratibu, unayafanya juu ya mkeka kwa pumzi na kwa mpangilio wake, zoezi moja linauandaa mwili kwa linalofuata, na ukiupangua huo mpangilio umeshafanya kitu kingine kabisa. Nilifundishwa na mama mmoja mtu mzima ambaye sisi wanafunzi wake tunamwita Bibi Mgongo, kwa kuwa akiingia tu chumbani kila mtu anakaa wima bila kuambiwa. Yeye aliyapokea kwa mwalimu wake na ameyatunza vilevile, hataki mbwembwe, na kinachomuuma ni kuona watu huko nje wanadokoa mazoezi mawili matatu, wanayaongezea ya kwao, halafu wanayaita kwa jina lilelile. Nyonga ilipomharibikia akawa hawezi tena kulala chini na kunyanyuka, basi mimi ndiye niliyemshawishi tufundishe mtandaoni ili alichonacho kisije kikaondoka naye, tukakubaliana yeye akae kwenye kiti aongee na kusahihisha, mimi nilale mkekani nionyeshe. Darasa tukaliweka kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwangu, na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye kompyuta anaijua kuliko sisi wote, akawa anashughulikia kamera, linki na kuzihifadhi video.

Sasa shida ilianzia kwa mtu mmoja aliyekuwa akiingia darasani kwa jina la "Mgeni". Wenzake wote wanafungua kamera ili wasahihishwe, yeye kiboksi chake ni cheusi siku zote, anaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho, ukimsalimia kimya, na Bibi Mgongo ambaye huwa hamwachi mtu hata akikunja kidole vibaya, huyo hakuwahi kumuuliza chochote. Nilimuuliza wifi, "Huyu Mgeni ni nani?" akanijibu huku macho yake yakiwa kwenye simu, "Wifi, si mwanafunzi tu kama wengine?" Mshauri, jibu hilo halikuniingia. Halafu nikaanza kuona kwamba nikiingia chumba cha nyuma ghafla yeye anaifunga kompyuta, na akipigiwa simu anatoka kwenda kuongelea ukumbini kwa sauti ya chini, na nikipita anacheka kicheko cha mtu aliyefumaniwa.

Ndipo mwanafunzi mmoja akanitumia kipande cha video kilichokuwa kinazunguka kwenye simu za watu. Wanawake wamejipanga chini kwenye chumba chenye makabati ya chuma, wanafanya mazoezi yetu, kwa mpangilio wetu, na sauti ya mtu asiyeonekana inawaambia, "Usiutupe mwili, uweke." Hayo ni maneno ya Bibi Mgongo, hakuna mwingine anayesema hivyo. Nikajua video zetu zinauzwa, na mwenye video ni mmoja tu.

Sikungoja. Mchana huo, tukiwa mezani, mume wangu yupo na mama mkwe yupo, nikaweka kijiko chini nikasema, "Wifi, sema hapa mbele ya watu, masomo ya Mwalimu unampelekea nani?" Alinitazama kama hakusikia. Akasema, "Unaniita mwizi? Mbele ya mama?" Nikamwambia sikutaja mwizi, nimeuliza swali. Akainuka, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na ufunguo, akauweka kando ya sahani yangu, akaondoka bila kuaga. Mama mkwe alikusanya vyombo mwenyewe, kitu ambacho hafanyi, na hakusema neno lolote, na mimi nikaona ule ukimya wao ni ushahidi kwamba wanamficha.

Nikabadilisha neno la siri, nikatengeneza linki mpya, nikaituma mwenyewe kwa kila aliyejiandikisha, na nikampa Bibi Mgongo kwa sababu yeye siku nyingine hufuatilia kutoka kwake. Mgeni sikumtumia, hata namba yake sina. Darasa lililofuata nafungua hivi, kiboksi cheusi kipo! Siku hiyo Mwalimu alikuwa amekwenda kwa daktari wa nyonga, nilikuwa peke yangu, na hapo ndipo shetani akanipitia. Nikajisemea, ngoja nitie alama. Tulipofika kwenye zoezi tunaloliita kuvuta shingo, ambalo unaweka mikono nyuma ya kichwa unanyanyuka taratibu, pingili moja baada ya nyingine, uso ukiwa mbele, mimi nikawaambia wageuze uso kushoto kwanza ndipo wanyanyuke. Hakuna kitu kama hicho popote katika mazoezi yetu. Nilikibuni palepale. Nilitaka nione kitatokea wapi.

Kilitokea. Kipande kingine cha video kikaja, wale wanawake wa makabati ya chuma, wote wamegeuza uso kushoto. Na wifi wakati huo alikuwa ameshaondoka kwangu, linki mpya hana, kompyuta hana, hata salamu zangu hapokei. Baadaye mume wangu ndiye aliyeniambia kwamba zile simu za ukumbini zilikuwa za mchumba ambaye alikuwa bado hajataka kumtambulisha.

Darasa lililofuata, Mwalimu hajafika, nikamwambia Mgeni, "Fungua kamera sasa hivi ama nakutoa." Kamera ikafunguka. Mwanamke wa makamo amevaa nguo za uuguzi, na taya lile la Bibi Mgongo, mshauri, nililijua kabla hajasema. "Dada, mimi ni binti yake," akaniambia. "Nakuomba usimwambie mama." Kumbe huko ujanani aliyaacha mafunzo akaenda kusomea uuguzi, mama yake akamwambia kwamba mkeka wake asiuguse tena, na tangu hapo wanajuliana hali tu. Sasa anawafundisha wauguzi wenzake, kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo, bure, kwa sababu migongo yao imekwisha kwa kuwainua wagonjwa. Nikamuuliza linki kapewa na nani. Akasema, "Hilo sitalisema." Akatoka.

Hapo sasa ndipo siamini mtu. Linki ile tulikuwa nayo mimi, wanafunzi, na Bibi Mgongo. Je, ni yeye? Anamwita binti yake kwa mlango wa nyuma ili siku moja amkabidhi yeye kila kitu, mimi niliyemfungulia nyumba yangu nibaki mtu wa kulala mkekani? Mbona hakuwahi kumuuliza Mgeni hata swali moja? Najiuliza nimtajie jina la binti yake ghafla nione uso wake ukibadilika, au nimfungie Mgeni asiingie tena nione nani atalalamika?

Jambo jingine, mwanafunzi wetu mmoja, mama ambaye alikuwa karani na sasa amestaafu, alinitumia ujumbe wa sauti kwamba shingo imemkaza tangu lile darasa, hawezi kugeuka, akasema, "Nisamehe Mwalimu, naona nilikosea mimi, sikusikiliza vizuri." Sijamjibu. Nikimwambia ukweli, Bibi Mgongo ataupata, na hatanitazama tena.

Nifanye nini?

Mwanafunzi Mwaminifu

*

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho, kwa sababu huko ndiko ulikoificha habari yenyewe. Minong'ono ya wifi yako ukumbini umeieleza vizuri mno, mpaka kicheko chake nakisikia. Mama wa watu asiyeweza kugeuza shingo umemwita "jambo jingine".

Nakuonea huruma, na ninasema kweli. Umempa huyo mwalimu mwili wako na chumba chako, umefanya kazi ambayo wengi wangeiacha ikafa naye, kisha unasikia maneno yake kwenye kinywa cha mtu usiyemjua. Nani asingeshtuka? Kushtuka si kosa. Hata kuuliza si kosa. Lakini wewe hukuuliza, ulimsimamisha binti wa watu mbele ya mama yake mzazi, mezani, na jibu lake ulikuwa nalo kabla hajafungua mdomo. Halafu ukachukua kitu unachosema unakilinda, ukakitia sumu, ili ujue nani atakinywa. Umeniandikia kuniuliza nani anaiharibu njia ya mwalimu wako. Kwa maelezo yako mwenyewe, aliyeiharibu ni wewe peke yako. Yule muuguzi aliibeba ilivyo, hata uongo wako ameubeba kwa uaminifu.

Basi sikiliza, na usinijibu "lakini".

Huyo karani mpigie simu kwa sauti yako, usimtumie ujumbe. Mwambie hakukosea, mwambie zoezi ulilibuni, na mwambie asiendelee na mazoezi mpaka daktari amtazame. Akikutukana, pokea. Kisha mtafute binti wa Mwalimu uwaokoe wale wauguzi, maana hao kesho wanainua wagonjwa kwa shingo hizohizo. Kiboksi cheusi hicho unacho, darasa likifunguka mwambie. Na wakati huohuo waambie wanafunzi wote kwamba ulifundisha vibaya kwa makusudi, waonyeshe lililo sahihi, na video ya darasa lile ifute mahali popote ilipo. Usiseme "kulitokea hitilafu". Mitandao haikugeuza uso wa mtu kushoto, ni wewe.

Kabla ya darasa hilo, nenda kwa Bibi Mgongo umwambie mwenyewe. Utakuwa umekaa wima, nina hakika. Akikuondoa, ameondoa mtu aliyemwambia kweli. Akikubakiza, utajua umebaki kwa lipi. Kinyume chake ni kukaa karibu naye kila darasa ukitetemeka simu yake ikilia, na maisha hayo umeshaonja.

Wifi yako umemuumiza mezani mbele ya mama mkwe, kwa hiyo msamaha utauombea pale pale, mama mkwe akiwepo na mumeo akiwepo. Ufunguo mrudishie mkononi. Akikataa kuupokea usimlazimishe, hana deni la kurudi kukushikia kamera. Na habari ya mchumba wake usiiguse hata kwa utani.

Sasa tuje kwa huyo Mgeni, maana najua ndiko macho yako yaliko. Unataka kumtajia mama jina la binti yake uone uso unabadilika vipi. Huo ni mtego mwingine, umechoka mmoja unatega wa pili. Acha. Inawezekana kabisa linki ilitoka kwa mama mwenyewe. Mimi sipigi ramli, lakini mwalimu asiyemwachia mtu kidole kilichokunjwa, akimwachia mtu mmoja kiza kizima, ana sababu yake. Huenda ni mama aliyesema neno kali siku nyingi na hajui alirudishe vipi. Sababu hiyo ni yake na mwanawe, wewe haikuhusu kuipeleleza. Mwambie binti hivi tu: "Sitakutangaza, lakini mama akiniuliza sitamdanganya." Kisha kaa pembeni.

Na huo mlango wa mtandaoni uwekeeni utaratibu unaojulikana na wote. Anayeingia afungue kamera. Anayetaka kuwafundisha wengine aombe ruhusa, afanye mbele ya Mwalimu, asahihishwe. Huyo muuguzi awe wa kwanza kualikwa, siku mama na mwana watakapokuwa tayari. Unaogopa atachukua nafasi yako? Mlipofungua darasa mlisema hamtaki jambo hili lifie kwa mtu mmoja. Basi ni lazima liwe kwa zaidi ya mtu mmoja, na huwezi kuwachagua kwa wivu.

Umejiandika "Mwanafunzi Mwaminifu". Jina hilo liweke kando kwanza. Ukimaliza kusoma hapa, chukua simu, huyo mama bado anadhani shingo yake aliiumiza mwenyewe.