Soya Ilivyotugombanisha Kabati

S.L.P. 71,
Kabati, Kitui.
9 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kaloki,

Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima. Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepona, ama bado unainua magunia ukiuma meno? Unakula vizuri? Mwaitu huniuliza kila jioni kama huko Iowa aliko mwanawe bado kuna jua wakati sisi tunawasha taa, na mimi humjibu ndiyo, ingawa sina hakika.

Sisi huku tunashukuru Mungu. Mbaazi zinakauka shambani, upepo wa mwezi huu unatupiga vumbi mpaka ndani ya sufuria, na yule mbuzi mweusi uliyemnunulia Mwaitu amezaa mapacha. Miguu ya Mwaitu inamsumbua asubuhi, lakini sauti yake haijapungua hata kidogo.

Najua utashangaa kuona barua siku hizi za simu. Nimeiandika kwa sababu mambo haya yalianzia kwenye simu, kwenye kikundi cha familia ambako binamu wote wanasoma, na sikutaka tuyamalizie huko. Kaa mahali pa utulivu uisome.

Unakumbuka nilikuambia omena, dagaa wa kulisha kuku, imekuwa mchanga mtupu. Unanunua gunia, ukilipepeta nusu inabaki chini. Basi Salat, yule wa duka la chakula cha mifugo pale steji ya matatu, akaanza kuleta soya. Salat unamjua, baba yake alikuja kutoka Garissa akinunua mbuzi hata sisi hatujazaliwa. Aliniambia, “Jaribu hii, Baba Mumbua. Ina nguvu kuliko omena, na mchanga hakuna.”

Mimi unanijua. Tangu tukiwa watoto nilikuwa nanusa maziwa kabla ya kunywa, hata yale niliyokamua mwenyewe. Kitu kikisifiwa sana naanza kujiuliza anayesifu anapata nini. Lakini kuku wa mayai hawali mashaka. Nilizibeba zile soya mpaka kwa mashine, nikazisaga pamoja na mahindi, nikawalisha.

Haukupita muda kuku wakaanza kuharisha maji. Mayai yakapungua, yaliyotoka yakawa madogo kama ya kwale. Wengine walijikunja pembeni mwa banda wakiwa wamevimbisha manyoya kana kwamba wanasikia baridi saa saba mchana. Nilikuwa bado nakuna kichwa, ndipo ile video ya kupinga soya uliyotuma kwenye kikundi ikafika.

Kaloki, Kiingereza cha yule mtu wa koti jeupe Mwaitu hakukielewa. Kilichomwingia ni sauti yako uliyoituma baadaye kwa Kikamba chetu. Ulisema soya huko ni chakula ya nguruwe, wewe ndiye unawapa kwa mikono yako, na kwamba inageuza wanaume kuwa wanawake na mbegu yenyewe imechezewa na makampuni. Mwaitu alinifanya niirudie mpaka nikajua mahali unapokohoa.

Sasa fikiria. Kuku wangu wanaugua, na ndugu yangu wa damu, anayeiona soya kila siku, anasema ni sumu. Ningeamini nini?

Mabaya zaidi yalikuwa jikoni kwa mke wangu. Yvonne alikuwa ameambiwa kliniki kwamba Mumbua haongezi uzito tangu alipoacha ziwa, na nesi akamshauri achanganye unga wa soya kwenye uji wa wimbi. Hakunificha. Aliniambia, na mimi niliitikia nikiwa nafikiria kuku. Lakini Mwaitu hakujua, mpaka siku aliyofungua kopo akitafuta sukari.

Alitoka nje na lile kopo juu kama ameshika nyoka. “Unampa mwenye jina langu chakula ya nguruwe?”

“Mwaitu, ni nesi aliniambia. Mtoto hana uzito.”

“Na huyo nesi amelipwa na nani?”

Aliumwaga unga wote uani. Kuku wakaja mbio kuudonoa, akawafukuza kwa mwiko. Yvonne alinigeukia mimi akaningoja. Nami nilichosema ni, “Tungoje kwanza tujue.” Nilidhani ni neno la busara. Asubuhi alimfunga mtoto mgongoni, akachukua mfuko wake, akaenda kwao Kibwezi.

Ulipouliza kwenye kikundi mbona Yvonne hajibu salamu, sababu ilikuwa hiyo.

Hasira yangu niliipeleka kwa Salat. Ilikuwa siku ya soko na steji imejaa. Nilisimama mlangoni mwa duka nikamwambia mbele ya watu wote kwamba ameniuzia sumu.

Aliweka kikombe chake cha chai chini. “Ulizikaanga kabla ya kusaga?”

“Kukaanga nini?”

“Soya, Baba Mumbua. Mbichi hailishwi kuku. Nilikuambia.”

“Hukuniambia!”

“Nilikuambia, ukiwa umesimama hapo hapo.”

Mpaka leo yeye anasema aliniambia, na mimi nasema hakuniambia. Lakini watu hawakungoja tumalize. Mtu mmoja nyuma yangu akasema hawa waliotoka mbali watatumaliza. Salat alimtafuta kwa macho. “Mimi nimezaliwa hapa Kabati,” akamwambia. “Mbali gani?” Wiki zilizofuata nilikuwa nikipita naona magunia yamejaa mpaka mlangoni, na mkewe Ismahan amekaa peke yake kwenye kaunta, akinitazama nikipita.

Nilimwita Wavinya, afisa wa mifugo wa wadi yetu. Alikuja na pikipiki, akawashika kuku, akaitafuna soya moja akaitema. Akanieleza kwamba soya mbichi ina kitu ndani yake kinachozuia tumbo kusaga chakula, liwe tumbo la kuku au la mtu, na kwamba moto ndio unakiua. Maharagwe yetu pia hatuyali mabichi, akasema. Maneno mazuri. Lakini nilikuwa nimemwona akimsalimia Salat kwa kicheko pale steji, na nikajiuliza kama hawajapanga.

Basi niliamua kujionea. Niligawa banda kwa wavu. Upande mmoja nikawapa chakula bila soya, upande wa pili nikawapa soya niliyoikaanga mwenyewe bila mafuta, nikiikoroga mpaka ikanukia kama njugu. Ufunguo wa stoo aliushika Mwaitu, kwa sababu alisema naweza kudanganya ili nimrudishe mke wangu. Kila asubuhi alinifungulia, akanisimamia nikipima, akafunga.

Kuku wa pande zote mbili walipona. Halafu wale wa soya wakaanza kuwapita wenzao, mayai yakawa mazito, manyoya yakalala vizuri. Nilimwonyesha Mwaitu nikidhani mambo yamekwisha. Aliyatazama mayai, akanirudishia trei. “Kuku si mtu,” akasema.

Nilirudi kwa Wavinya, akaniambia kuna nchi ambako watu wameila tangu zamani na bado wanazaa, na hiyo ya wanaume kugeuka wanawake yeye haijui. Nilimuuliza kuhusu mbegu iliyochezewa, akasema niulize soya zilikotoka. Salat akasema zinatoka Uganda. Dereva wa lori linalomletea akasema Zambia. Nilipowakutanisha wakaanza kubishana wao kwa wao. Hapo, Kaloki, mpaka leo sijatosheka, na anayeniambia nitosheke namtilia shaka pia.

Siku moja nilimpigia Yvonne. Alikuwa akipokea simu kwa ajili ya mtoto tu, anampa simu, mtoto anapumua, basi. Siku hiyo aliongea mwenyewe. “Hiyo video, mliiona mpaka mwisho?”

Nikamwambia tuliona ya kutosha.

“Angalieni mwisho.” Akakata.

Nilikaa na Mwaitu kwenye benchi tukaiangalia yote. Yule mtu anaongea, anaongea, anaonyesha picha za matumbo. Sisi wote tulikuwa tunaachia hapo, na nadhani hata wewe. Karibu na mwisho anainama chini ya meza, anatoa kopo lenye picha yake, anasema huu ndio unga safi usio na soya, agiza leo. Nilimtafsiria Mwaitu.

Kisha akasema, “Kumbe naye ana duka.”

Kesho yake alinituma kwa Salat nikanunue soya. Sikutaka kwenda, na nilienda. Ilikuwa siku ya soko tena, na sikuona njia ya kununua kimya kimya mahali nilipopigia kelele. Nikasimama pale pale mlangoni nikasema kwa sauti kuku wangu hawakulishwa sumu ya Salat, niliwalisha soya mbichi.

“Sema pia kwamba nilikuambia,” Salat akadakia kutoka ndani.

“Hiyo sisemi.”

Alicheka kidogo, akanipimia. Ismahan hakucheka. Wateja wengine wamerudi, wengine hapana, na hao ni mzigo wangu.

Mwaitu alizichagua zile soya moja moja, akazikaanga, akazitwanga kwa kinu cha marehemu nyanya, akapika uji wa wimbi nazo. Nilidhani ni wa kupeleka Kibwezi. Akaunywa mwenyewe. Kesho yake tena. Nilipomuuliza alinijibu bila kunitazama, “Kama ni sumu, ianze na mimi niliyekwisha kuona wajukuu.” Kila asubuhi alikunywa kikombe kizima, halafu anaenda kwenye mwanga mlangoni, anaangalia viganja, anatoa ulimi kwenye kioo, anabonyeza tumbo. Mimi nilikuwa najifanya nalisha mbuzi huku namchungulia. Kaloki, niliogopa. Maneno yako bado yalikuwa kichwani mwangu, na huyo ni mama yetu.

Mwezi ulipokwisha akavaa gauni lake la kanisani. “Twende Kibwezi.”

Tulipita ile barabara ya lami ya Mutomo, yeye amekumbatia chupa ya chai njia nzima, hataki nimshikie. Tulimkuta Yvonne shambani kwa baba yake karibu na mto, akifungulia maji kwenye mistari ya nyanya. Mumbua alikuwa amekaa kwenye leso chini ya kivuli, mashavu yamejaa. Sikuuliza amekuwa akila nini. Nilijua.

Mwaitu hakuomba kiti. Aliketi kwenye ukingo wa mfereji, akamimina uji kwenye kifuniko cha chupa, akaunywa wote mbele ya Yvonne, akakung'uta kifuniko.

“Nimekunywa hii kila asubuhi mwezi mzima,” akasema. “Bado niko. Nipe mtoto.”

Yvonne hakusogea. Maji yalikuwa yanafurika kwenye nyanya na hakuyafunga. “Na ukisikia ingine kwa simu?”

“Nitakuuliza wewe kwanza.”

“Kabla ya kumwaga?”

“Kabla ya kumwaga.”

Ndipo akamwinua Mumbua kutoka kwenye leso, akamweka mapajani kwa Mwaitu. Mtoto alinusa kifuniko, akakinyakua, akatia mkono wote ndani. Mwaitu aliangalia pembeni upande wa mto, na mimi nikaenda kufunga maji, kwa sababu mtu alipaswa kuyafunga.

Wamerudi nyumbani wiki iliyopita. Yvonne hunisemesha, lakini kuna saa ananitazama kama siku ile ya kopo, na najua ile “tungoje kwanza” yangu bado iko nyumbani humu. Nitaitoa polepole.

Sikulaumu, mdogo wangu. Ulisema kwa kutupenda, na mtu aliye mbali hupenda kwa kuogopa. Lakini Mwaitu ana swali amenituma nikuulize neno kwa neno: hao nguruwe unaowalisha soya wanakufa ama wananenepa? Anataka jibu la kweli. Na mimi nakuomba kitu kimoja. Mpigie Yvonne. Usimtumie sauti, usimtumie video. Piga, aipokee, umwambie mwenyewe. Ni mke wa kaka yako na aliondoka kwake kwa neno lililotoka kinywani mwako na mimi nikashindwa kulizuia.

Mwangangi wa mjomba anakusalimu, na Kitonga wa bondeni anasema viatu ulivyomtumia vinamkaa sawasawa. Wasalimie wenzako wa Ukambani mnaokutana nao huko kanisani. Mwaitu anasema Mungu alinde mikono yako dhidi ya mashine, akupe usingizi, na akurudishe ukiwa na meno yote.

Ni mimi kaka yako anayekupenda na anayekungoja,
Kiema.