Muteremko wa Kasenyi

Papa,

Nimerudi muzima. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: kila nilipokutumia ujumbe kutoka njiani ulitafuta kwanza neno "nimefika", ndipo usome mengine. Basi nimefika. Niliwapeleka wageni hadi Kasenyi, ziwani, nikapanda peke yangu hadi Bunia. Lakini tangu nilipokubali kazi ile mpaka nilipofungua mulango wa nyumba, woga haukuniacha. Tena kuna jambo nililokuficha weye na kila mutu. Nitalisema humu, nipe muda kidogo.

Miezi minane sikugusa pikipiki. Yako ilikwisha palepale kwenye muteremko. Yangu niliifunika turubai nyuma ya jiko, na kuku wakaizoea. Nikisikia pikipiki inakuja mbio kwenye barabara ya Nyakasanza, nilisimama nilipo hadi ipite. Sokoni nilikwenda kwa miguu. Wenzako wa kituo cha pikipiki mwanzo walinitania, wakisema binti ya Papa Neema amekuwa mama wa kanisa. Baadaye waliacha, na kuacha kwao kuliniuma kuliko utani.

Halafu simu yako ikalia. Mama bado anaichaji kila siku, sijui anamungoja nani. Alikuwa Kiptoo, yule Mukenya anayeongoza wageni wa pikipiki. Alikuwa amefika Kisangani na watu wanne. Walianzia kwenye pwani ya magharibi, wakakata jangwa ambalo kwa siku sita hawakuona muti, wakapanda milima yenye baridi, sasa wamo katika pori letu. Walibakiza ziwa, Uganda, halafu wateremke hadi bahari ya upande wa pili. Alitaka uwapokee kule Komanda kama mwaka juzi. Nikamwambia haupo. Akauliza utarudi lini. Nikamwambia haurudi tena, akaelewa.

Alinipa pole. Kisha akauliza kama mimi ndiye binti uliyemusifia kwamba anaijua njia. Nikasema ndiyo kabla woga haujaniziba mudomo.

Mama hakukataa. Aliwafukuza kuku, akaisafisha kiti ya pikipiki kwa kanga yake, akaingia ndani.

Niliwakuta Komanda, pale malori yanapopumzika. Pikipiki zao ni ndefu kama ng'ombe, zimefungwa masanduku ya chuma huku na huku. Walinisalimia vizuri, halafu wote wakaangalia nyuma yangu kuona kama kuna mwanaume anakuja. Hakuna aliyekuja. Nikavaa kaske kichwani, nikatangulia.

Kwenye kila bariyeri ya askari nilifanya ulivyonifundisha: kupunguza mwendo mapema, kuvua kaske ili waone uso, kusalimia kabla ya kusalimiwa, mikono yote miwili mahali inapoonekana. Ulikuwa unasema, "Askari mwenye hasira unaweza kumwongelesha. Ogopa askari mwenye woga." Nami nilikuwa na woga kuwapita wote, Papa. Meno yaligongana ndani ya kaske, na nilishukuru kwamba moteri inapiga kelele.

Asubuhi ya pili tulitoka Bunia kuelekea ziwani. Hadi Bogoro barabara ilikuwa na watu kama kawaida, akina mama wenye vikapu, baiskeli zenye makaa, watoto wa shule. Baada ya Bogoro, hakuna mutu. Nilipita kilometa ya kwanza nikijiambia ni mapema. Kilometa ya pili niliona jembe limelazwa pembeni ya shamba na mwenye jembe haonekani. Nikasikia sauti yako wazi kabisa: barabara isiyokuwa na wanawake si barabara. Nikanyosha mukono, nikasimamisha wote.

Kiptoo akasogea karibu. "Neema, boti ya Uganda ikituacha leo tutakaa hapa wiki nzima. Umeona nini?"

"Sijaona mutu," nikamwambia. "Ndiyo shida."

Aliangalia mbele, akaangalia jembe. Wageni walikuwa wameshazima moteri, na kimya kilichoingia hapo sitaki kukisikia tena. Tukageuza. Tulirudi hadi ukuta wa kanisa la Bogoro na kukaa chini yake karibu masaa mawili. Mumoja wa wageni, mama mwenye nywele nyeupe, alikuwa anaangalia saa yake na kuniangalia mimi. Nilijiuliza nifanye nini kama ni kweli wenye bunduki wako mbele. Nilijiuliza nifanye nini kama si kweli. Sijui kipi kiliniogopesha zaidi.

Kisha watu wakaanza kupanda kutoka bondeni. Kwanza wanaume wenye vitiyo vya kuchimbia mabegani, nyuma yao wanawake wengi, polepole, wamejifunga vitambaa kichwani. Nikamukimbilia mama mumoja kumuuliza. Akasema wametoka kumuzika mwalimu wa kwaya, kijiji kizima kilikuwa makaburini tangu asubuhi. Ndiyo hiyo tu.

Haya iliniwaka masikioni. Nikarudi kwa Kiptoo na kumueleza, nikingoja acheke. Hakucheka. Alisema, "Baba yako alinizuia hivi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa harusi."

"Na ya pili?"

Akafunga kaske yake. "Ya pili haikuwa harusi."

Tukaendelea, na sasa barabara ikiwa na watu nilibakia na woga mumoja tu, ule mukubwa. Unajua pale milima inapokatika ghafla na ziwa linaonekana chini, jeupe, halina mwisho. Wageni walisimama kupiga picha. Mimi sikuweza kuangalia ziwa. Nilikuwa nahesabu kona.

Papa, sasa nalisema.

Siku ile tulipokwenda kukagua njia, siye wawili tu, ilikuwa zamu yangu kutangulia. Uliniambia tangu nyumbani: leo unaongoza weye, mimi nitakuwa mugeni wako. Ulikuwa na furaha, hata ulivaa shati ya ibada. Tulipofika juu pale nilikuambia kichwa kinaniuma, kwamba jua limenipiga, tangulia tu. Kichwa hakikuniuma. Niliogopa muteremko, na niliona haya kusema. Ulinipa chupa yako ya maji, ukaniambia ninywe yote, ukapita mbele yangu. Kwenye kona ya tatu ulikuwa umekwisha kulipita lori la samaki lililokuwa linapanda, likashindwa nguvu na kurudi nyuma. Aliyekuwa mbele ndiye liliyemukuta. Mimi nilikuwa mita arobaini nyuma, na maji yako yakiwa bado mudomoni.

Watu wote waliniambia pole kwa yale niliyoyaona. Hakuna aliyejua nilichokifanya.

Basi niliwapeleka kwenye muteremko uleule, Papa. Vitesi ya kwanza, gia ile ya chini, freni kidogo, naiacha moteri ikamate mulima. Kabla ya kila kona nilipiga honi, nikasimama, nikashuka, nikaenda kwa miguu kuchungulia, ndipo nikawaita. Kwenye kona ya tatu sikuweza kupita. Nilisimama nimeshika jiwe la pembeni, na niliona majani yameota mahali ulipoangukia, marefu, kama hakuna kitu kilichotokea pale. Yule mama mwenye nywele nyeupe akaja kwa miguu, akasimama kando yangu. Hajui. Alidhani nasikiliza lori, naye akasikiliza pamoja nami. Njia ilikuwa wazi. Tukashuka.

Boti ilikuwa bado haijaondoka Kasenyi. Wenye boti walikuwa wanabishana juu ya muzigo. Pikipiki tano zikapandishwa juu ya mbao, wageni wakanikumbatia mumoja mumoja, na Kiptoo akasema mwaka kesho atapiga simu kuulizia jina langu. Niliangalia hadi boti ikawa nukta.

Kupanda peke yangu kulikuwa kubaya zaidi. Kushuka nilikuwa na watu wa kuwaonyesha uhodari. Kupanda sikuwa na mutu. Kati ya kona ya pili na ya tatu nilisikia lori linalia mbele yangu, linapanda polepole na samaki. Nikaingiza pikipiki kwenye majani, nikazima, nikaziba masikio kama mutoto. Nilikaa hapo muda murefu baada ya lori kwisha kupita juu. Nilikuita. Samahani kama nilikusumbua.

Nilifika nyumbani Mama akichambua muchele uani. Nikakaa chini mbele yake na kumwambia yote, zamu yangu, kichwa, maji. Mikono yake iliendelea kutafuta mawe. Nilipomaliza aliendelea bado, nikaanza kudhani hakunisikia.

Halafu akasema, "Ungekuwa mbele, ningekuzika weye." Akaweka ungo chini. "Usiniulize ningechagua nani. Usiniulize kamwe."

Alilia, Papa, kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu ulipokwenda. Nami nikalia. Baadaye tukapika ule muchele.

Sijui kama umenisamehe. Mama hajasema neno hilo, nami sitamulazimisha. Bado naogopa. Naogopa barabara, naogopa siku za watu wachache, naogopa simu ya Kiptoo ikilia tena, na naogopa isipolia.

Nakuahidi hivi tu: siku nikiogopa nitasema naogopa, kwa mudomo huu, mbele ya mugeni yeyote na mbele ya Mama. Sitatafuta kichwa cha kusingizia. Na nikisha kusema, nitatangulia mimi.

Lala salama, Papa. Muteremko ule nimekuachia majani yake, sikuyakata.

Mutoto wako,
Neema