Hamira ya Mwiko wa Kerubo

Mama,

Mwiko haukuchomwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Siku ya tatu baada ya kukuzika huko Nyansiongo, Baba Mdogo alikuja na wazee wawili wa kanisa. Mtungi waliuvunja kabla sijatoka nje. Wakautaka na mwiko wako wa kukorogea pombe ya wimbi, wautie motoni, eti nyumba isafike. Nikaukalia, Mama. Msichana wa chuo kikuu, kwenye nguo za msiba, nimeukalia mwiko kama kuku anayeatamia. Baba Mdogo akasema nimeharibika kama wewe. Nikamwambia asante.

Jina lako walilifuta kwenye kitabu cha kanisa kwa ajili ya pombe hiyo. Lakini watu walipokuja kutupalilia mahindi, uliwashukuru kwa pombe hiyo hiyo, na mmoja wa wazee hao alikuwa wa kwanza kuulizia mrija wake wa kunywea mtungini. Sijasahau.

Wala sijasahau kosa langu. Nilikuwa darasa la sita, tumefundishwa usafi, nikausugua mwiko kwa sabuni mpaka ukang'aa. Pombe ikakaa siku tatu bila povu, na wapaliliaji wakaondoka na uji tumboni. Hukunipiga. Ulisema tu, "Uhai wa pombe unakaa kwenye huo ufa, mwanangu. Umeuosha." Nikakucheka kichinichini, kwa kuwa nilikuwa na kitabu cha sayansi.

Sasa ufa huo nimeukwangua. Niliufunga mwiko kwa leso yako nikaubeba hadi maabara, Nairobi. Hamira ilikuwamo, hai. Nikailisha maji ya sukari, nikaikata vipande vyembamba sana, nikaitazama kwa hadubini ya elektroni. Seli ya hamira ikitaka kuzaa huchipua mtoto ubavuni. Ndani ya kiini chake hujengeka mirija midogo mno, yenye uwazi katikati kama ile ya wazee pale mtungini. Mirija hiyo hurefuka, ikakivuta kiini mpaka nusu yake ikaingia kwa mtoto, kisha ikabomoka. Nikiiweka hamira kwenye barafu, mirija mingi hubomoka kabla ya wakati. Nikiirudishia joto, hujengeka upya. Ndipo nikakumbuka ulivyoufunika mtungi kwa blanketi letu, baridi ikituuma, mimi nikinung'unika. Nililia mbele ya watu, Mama, na sikujali.

Mwalimu wangu aliagiza hamira hii ipewe namba, kama zile zilizotoka ng'ambo. Nilikataa. Akasema maabara si mahali pa majina ya akina mama. Nikamwambia basi atafute mtu mwingine wa kuifanya kazi hii, ingawa sina pengine pa kusomea. Jana akaniwekea vibandiko vitupu vya chupa mezani, akaenda zake.

Nimeandika jina lako, KERUBO, kwenye kila chupa, na kwenye daftari kuu, kwa wino.

Pumzika sasa. Mwiko uko kwangu na haujaguswa na sabuni. Nikimaliza masomo nitaurudisha nyumbani, nitafute mtungi mpya, nikoroge mchana kweupe, mlango wazi. Baba Mdogo na wazee wake wakipita, nitawawekea mirija.

Mwanao,
Moraa