Sufuria ya Mama Mkwe

Nkungu, Jumamosi

Nimevaa gauni la kulala la mama mkwe wangu, lenye maua, na Mungu ananiona.

Asubuhi, tukitoka Kamembe kwa miguu na kikundi cha sala, alifunika nguo zake ndani ya sufuria, akaibeba kichwani. Nikamuuliza, "Maman, unaenda kupikia nani?" Wote wakacheka. Begi langu limeandikwa kwamba haliingizi maji, lakini mvua ya leo haikujua kusoma.

Tulipofika nilikuwa natetemeka mpaka meno. Akafunua sufuria. Kukavu kabisa.

"Vaa hii, Papa Aline. Ukikufa huku, nitaambia mwana wangu nini?"

Miaka sita tangu nimuoe binti yake, nampisha njia kwa heshima ya ukwe. Sasa sijui nitamtazamaje.

Kesho tukirudi, sufuria naibeba mimi. Atakayeuliza napikia nani, aulize.